Naacha kazi nimlee mtoto. Bima ya afya nayo inaishia mlangoni?

#1 Nuru_ya_Asubuhi
Habari zenu wakuu.

Mtoto wetu ana miezi mitano. Alizaliwa kabla ya wakati, wiki ya 33. Likizo ya uzazi imeisha, ya mwaka nayo nimeimaliza, na mimi na mume wangu tumekubaliana niache kazi nimlee hadi afikishe miaka miwili. Barua nimeshaiandika, sijaipeleka.

Kilichonisimamisha si mshahara, hesabu hiyo tumeshaipiga. Ni bima. Wote watatu tumo kwenye bima ya ofisi yangu. Mume wangu kazini kwao ana haki ya bima ila hakuwahi kujiandikisha, kwa sababu ya kwangu ilikuwa bora.

Nchi ninayokaa sitaitaja, wenzangu wa ofisini wamo humu na bosi bado hajui. Nisaidieni popote mlipo: mlipoacha kazi, bima ilikatika siku gani? Mlihamia wapi? Na ni swali gani mnajuta hamkuliuliza kabla ya kupeleka barua?

#2 Kipepeo79
Usipeleke barua kwanza. Soma mkataba wa bima, sio mkataba wa kazi. Narudi nikishalaza watoto.

#3 Mzee_wa_Hesabu
Bima ya kazini huisha mwisho wa mwezi unaoacha kazi, maana mwajiri ameshalipia mwezi mzima. Kwa hiyo acha kazi tarehe 2 au 3, utapata karibu mwezi wote bila kulipia. Baada ya hapo mume aandikishe familia kwake. Hakuna jambo gumu hapa.

#4 Mama_Pacha
Mzee, na heshima yako yote, ushauri huo ndio ulionimaliza mimi.

Niliacha kazi Ijumaa tarehe 14, pacha wangu wakiwa na miezi saba. Kila mtu ofisini aliniambia hivyo hivyo, kwamba bima ipo hadi mwisho wa mwezi. Tarehe 19 usiku mmoja wa pacha akaanza kupumua kwa shida. Tumefika hospitali, kadi imepitishwa dirishani, dada pale akaniangalia akasema, "Mama, hii imefungwa tangu Ijumaa." Ilikuwa nimonia. Tulilala pale siku tano, tukalipa kwa mkopo. Watoto wameanza shule na deni ndiyo kwanza nimelimaliza mwaka jana.

Kijitabu cha bima nilikisoma baadaye. Ukurasa wa nne: "hadi siku ya mwisho ya utumishi". Maneno sita tu.

Nuru, swali langu la majuto ni hilo. Uliza tarehe, na jibu wakupe kwa maandishi. La mdomo usilipokee, hata likitoka kwa rafiki yako wa idara ya utumishi.

#5 Mzee_wa_Hesabu
Pole sana Mama Pacha. Nimesema "huisha" kana kwamba ni sheria ya dunia. Kwangu ilikuwa hivyo mara mbili, nikadhani ni kote. Narekebisha: inategemea mkataba.

#6 Mbali_na_Nyumbani
Niko Marekani. Hapa kuna kitu kinaitwa COBRA, unabaki kwenye bima ile ile ya kazini ila unailipia mwenyewe. Ni ghali mno, maana sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri inakuja kwako. Lakini ni kwa waliopunguzwa kazini. Ukiacha kwa hiari yako huipati.

#7 Wakili_wa_Kona
Mbali, hapo mwishoni si sahihi, na naomba nipasahihishe kabla mtu hajapoteza haki yake kwa kusoma uzi huu.

Ukiacha kwa hiari unaipata. Anayenyimwa ni aliyefukuzwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Sheria ya shirikisho inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 20 na kuendelea, na bima inaendelea hadi miezi 18. Wanaruhusiwa kukutoza hadi asilimia 102 ya gharama yote, hizo 2 za juu ni za uendeshaji. Una siku 60 za kuamua, na ukikubali, bima inahesabiwa kuanzia siku ile ya zamani ilipokatika.

Ndiyo maana wapo wanaoiweka fomu kabatini wakati wanatafuta bima nyingine. Siku zikipita salama, hawakulipa kitu. Mtoto akiugua siku ya 40, wanaijaza. Ni halali kabisa, ila ukishaijaza unalipa miezi yote tangu mwanzo, huchagui ule wa ugonjwa peke yake.

Watu hujikwaa kwenye siku. Kununua mpango kwenye soko la bima la serikali, una siku 60 tangu bima ya zamani iishe. Kuingia kwenye bima ya kazini kwa mwenza wako, kwa kawaida ni siku 30 tu. Mtu anasikia "60", anakaa, siku ya 35 anaambiwa asubiri dirisha la mwaka, yaani kile kipindi cha kujiandikisha kinachofunguliwa mara moja kwa mwaka.

#8 Mbali_na_Nyumbani
Asante Wakili. Nilikuwa nalisema hilo kwa miaka.

#9 Nuru_ya_Asubuhi
Mama Pacha, nimesoma bandiko lako mara tatu nimembeba mtoto. Pole, na asante.

Wakili, kitu kimoja. Nikiwa bado kazini nikajitoa kwenye bima mwezi huu, ili mume wangu aanze kutuandikisha mapema, si itakuwa salama zaidi?

#10 Wakili_wa_Kona
Kwa Marekani hapana, inaweza kukuharibia. Kinachofungua dirisha ni kupoteza bima kwa sababu haki yenyewe imekwisha. Ukijitoa mwenyewe huku bado una haki, hiyo haihesabiki, na mwajiri wa mume anaweza kukwambia msubiri mwakani. Kuacha kazi kunahesabika, ingawa ni kwa hiari yako.

Huko uliko uliza hivi hivi: "Ni tukio gani linamruhusu mume wangu kutuandikisha katikati ya mwaka, na anayo siku ngapi?" Kisha dai barua ya kuthibitisha bima yako ilianza lini na iliisha lini. Bila barua hiyo dirisha linaweza kuwa wazi na bado usipite.

#11 Baba_Malezi
Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Mke wangu mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, mtoto wetu wa pili ana sikoseli, mmoja ilibidi abaki.

Nilipeleka fomu ya utegemezi ofisini kwa mke wangu. Kisanduku kilikuwa na maneno mawili: "mke" na "watoto". Karani akaniuliza mume anakuwaje mtegemezi. Sikumkasirikia, fomu ndiyo ilimfundisha hivyo. Lakini ilichukua wiki sita, barua mbili, na cheti cha ndoa kilichothibitishwa upya. Wiki sita zote hizo mtoto alikuwa na bima, mimi sina. Nilikuwa napanda pikipiki kwenda kliniki naomba Mungu nisianguke.

Kwa hiyo wanaume mlioko humu mnaofikiria hili: anzeni na fomu, miezi miwili kabla.

#12 Upepo_wa_Rhein
Ujerumani hili halipo. Mwenza asiye na kipato anaingia kwenye bima ya mwenzake bila kuongeza hata senti, na watoto pia. Wameanza mambo ya bima ya ugonjwa tangu kansela wao Bismarck, 1883.

#13 Tumbiri_Mpole
Upepo, na mimi niko huku huku. Hiyo ni kama mwenza yuko kwenye bima ya umma. Akiwa kwenye bima binafsi, familia haiingii bure, kila kichwa kina mkataba na mchango wake. Dada yangu aliligundua hilo akiwa ameshaacha kazi.

Jambo lingine ambalo mngemwambia Nuru mapema: kwa nini aache kazi? Huku mzazi ana haki ya likizo ya malezi hadi miaka mitatu kwa kila mtoto. Ajira inabaki, na aliyekuwa mwanachama wa lazima wa bima ya umma anabaki mwanachama. Kama huko kwake kuna kitu kama hicho, hata likizo ya mwaka mmoja bila malipo, si ni bora kuliko barua ya kuacha kazi?

#14 Kipepeo79
Nimerudi. Tumbiri ameuliza vizuri, ila likizo bila malipo nayo ina shimo lake.

Mimi nilichukua miezi minane bila malipo. Nilijua kwamba kwa kuwa bado ni mwajiriwa, bima ipo. Mchango wa bima ulikuwa unakatwa kwenye mshahara, na mshahara haupo, basi hakuna kilichokatwa na hakuna kilichopelekwa. Hakuna aliyenipigia simu. Mwezi wa tatu nimekwenda kliniki na mtoto, hatupo kwenye mfumo. Kumbe ningeweza kuupeleka mchango wangu mwenyewe kila mwezi, kuna fomu yake kabisa.

Nuru, ukiomba likizo badala ya kuacha, swali lako liwe: "Wakati sina mshahara, nani anapeleka mchango, na kwa njia gani?"

#15 Nesi_wa_Zamu
Naingia kwa haraka, niko mapumziko.

Mtoto wa wiki 33 ana mahudhurio zaidi ya chanjo: macho, masikio, ukuaji, na vifua vyao ni vyepesi kushikwa mwaka wa kwanza. Usiruhusu pengo la bima hata la wiki moja kwa mtoto huyu. Wewe na baba mnaweza kubahatisha, yeye hapana.

Pia usiache chanjo kwa ajili ya mambo ya bima. Nchi nyingi zinatoa chanjo za watoto kwa mpango wa taifa, kadi ya bima haihusiki. Na zinafuata umri tangu siku aliyozaliwa, sio tarehe aliyotarajiwa. Nimeona wazazi wa njiti wanachelewesha zile za wiki 6, 10 na 14 kwa hesabu hiyo.

Kabla hujaacha kazi, malizia vipimo vyote vilivyoandikwa, na uombe nakala ya faili lake. Bima mpya watauliza historia yake.

#16 Nuru_ya_Asubuhi
Nesi, ya surua ni miezi 9, sawa? Nyingine zote amepata.

#17 Nesi_wa_Zamu
Kwenye ratiba nyingi ndiyo, 9. Angalia kadi yake. Hongera kwa kuzifuata.

#18 Sauti_ya_Mawimbi
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa na roho inaniuma. Mbona hatuulizi jambo lenyewe? Mama anatoka kwenye kazi ya mezani anaingia kwenye kazi ya saa 24, mtoto njiti mikononi, na siku hiyo hiyo ndipo anapovuliwa kinga. Anaitwa "asiye na kazi". Anaitwa "mtegemezi". Nani anamtegemea nani hapo? Hizi sheria ziliandikwa na watu waliodhani malezi yanajifanya yenyewe.

#19 Mzee_wa_Hesabu
Sauti, hoja yako ni nzito, ila chanzo nadhani ni ajali ya historia kuliko dharau. Mwaka 1942, wakati wa vita, Marekani ilizuia mishahara isipandishwe. Bima na pensheni hazikuingizwa kwenye zuio hilo. Waajiri waliokuwa wanagombania wafanyakazi wakaanza kuwavutia kwa bima. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri kwenye bima hautozwi kodi kama mshahara. Toka hapo kazi na bima zikafungwa kamba moja. Uingereza walifuata njia nyingine, 1948 wakaanzisha NHS, huduma ya afya ya taifa, matibabu yanafuata mtu anakoishi. Mama wa Uingereza akiacha kazi kesho, daktari wake hamuulizi chochote.

#20 Tumbiri_Mpole
Mzee leo umeshuka! Ulikuwa unasubiri mtu aguse historia.

#21 Wakala_Mstaafu
Nimeuza bima kwa muda mrefu, nielezeni mnavyotaka lakini sababu kubwa ni kundi. Bima inasimama kwa sababu wazima wengi wanawalipia wagonjwa wachache. Kazini kundi lipo tayari: watu hawakukusanyika kwa ajili ya ugonjwa, wamekusanyika kwa ajili ya kazi. Chukua NHIF ya Tanzania, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Mtumishi anachangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake nusu mwajiri, akiwa na familia au hana, anaumwa au haumwi, na mchango huo unafunika hadi watu sita.

Sasa mruhusu mtu mmoja mmoja aje akitaka. Atakuja lini? Akishaona dalili. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya mfuko huo huo, ilikwama hapo. Wazazi wengi waliandikisha mtoto akishaugua, matumizi yakazidi michango mara nyingi, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wakaelekezwa waje kwa kundi la shule. Rwanda wanaandikisha kaya nzima, humchagui aliye mgonjwa ukamwacha mzima.

Ndiyo maana bima binafsi zinaweka muda wa kungojea. Uzazi mara nyingi ni kuanzia miezi 9, magonjwa sugu mwaka au zaidi. Nuru, mkinunua bima binafsi, ulizeni kama muda mliokaa kwenye bima ya zamani unahesabiwa. Kampuni nyingine zinakubali msipokaa na pengo, na hapo ile barua ya Wakili inakuwa na thamani ya pesa. Tena msifiche kwamba mtoto ni njiti. Mkificha, siku ya madai makubwa ndiyo watakapofukua.

#22 Sauti_ya_Mawimbi
Wakala, nimekuelewa, lakini bado hujajibu. Kama shida ni kundi, akina mama wanaolea si kundi? Ni kundi kubwa kuliko kiwanda chochote. Hakuna aliyetaka kuliandikisha, basi.

#23 Baba_Malezi
Mimi naona zote mbili zinapita kando. Mwajiri wangu wa zamani alikuwa anasema wazi kwenye vikao: "Mkiondoka hapa, mtatibiwa wapi?" Bima ilikuwa kamba ya mguuni. Nilikaa mwaka mmoja na nusu zaidi ya nilivyotaka kwa sababu ya sikoseli ya mwanangu. Historia na hesabu ni kweli, ila kuna watu kamba hiyo inawafaa na hawana haraka ya kuifungua.

#24 Wakala_Mstaafu
Hilo siwezi kulikataa, Baba Malezi. Nimekaa kwenye vyumba hivyo.

#25 Mwangaza_wa_Mlima
Kwa Wakenya wanaosoma: msifuate tena maelezo ya zamani ya NHIF ya Kenya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na mshahara, kaya yake hupimwa uwezo, na mchango wake ni wa mwaka. Ukiacha kazi na mume anakatwa kwenye payslip, unaingia kama mwenza wake, lakini hakikisheni mmeunganishwa kwenye mfumo na mtoto ameongezwa. Mimi nilidhani nimeunganishwa, kumbe bado. Angalieni wenyewe kabla ya siku ya shida.

#26 Mama_Pacha
Naongeza jambo ambalo sikutaka kulisema mwanzo.

Baada ya lile deni tuliingia kwenye bima ya mume wangu. Miaka mitatu baadaye tukaachana. Watoto walibaki kwenye bima yake, mimi nikatolewa, nikajulia hospitalini. Simsemi vibaya, hakunifanyia makusudi, ofisi yake ilibadilisha fomu na jina langu halikurudishwa. Lakini mwanamke anayeacha kazi na kuingia chini ya kadi ya mtu, awe na namba yake ya uanachama, anajua tarehe ya mwisho, na anaweza kuangalia hali ya kadi mwenyewe bila kupitia kwa mume. Hata kama mnapendana sana. Nuru, nakuombea ndoa njema, lakini namba hiyo uwe nayo.

#27 Wakili_wa_Kona
Naunga mkono. Na walioko Marekani: talaka ni tukio lake peke yake chini ya COBRA. Mwenza aliyetolewa ana hadi miezi 36, sio 18. Ila lazima mpango ujulishwe ndani ya siku 60, wenyewe hawana njia ya kujua mmeachana.

#28 Kipepeo79
Kuna njia nyingine haijatajwa: chama cha taaluma au kikundi cha akiba na mikopo. Vingine vina bima ya kundi kwa wanachama, na uanachama haufi ukiacha kazi. Mimi sasa niko huko. Kifurushi ni kidogo kuliko cha ofisini, kulazwa kupo, meno na miwani hakuna. Lakini hakiulizi nimeajiriwa na nani.

#29 Nuru_ya_Asubuhi
Nimerudi na mrejesho, siku nne baadaye.

Sikumwambia mtu naacha. Nilikwenda utumishi nikaomba kijitabu kizima cha bima, nikasema nataka kujua haki za mtoto. Kwetu ni kama kwa Mama Pacha: siku ya mwisho ya kazi, saa sita usiku. Ningeacha tarehe niliyoiandika kwenye barua, tungekaa siku 17 bila kitu, kwa sababu bima ya mume wangu inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata baada ya fomu kukubaliwa.

Barua nimeichana nikaandika nyingine. Siku yangu ya mwisho sasa ni ya mwisho wa mwezi kweli kweli. Mume wangu amekwenda kwao: dirisha lake ni siku 30, wanataka barua ya kuisha kwa bima, cheti cha kuzaliwa na cha ndoa. Faili la mtoto nimelipata, kurasa 41. Kipimo cha masikio tumekifanya jana, yuko vizuri. Namba yangu mwenyewe nimeshaiulizia.

Kilichobaki ni likizo bila malipo. Tumbiri ameniweka njia panda. Utumishi wanasema ipo, hadi mwaka mmoja, kwa ridhaa ya bosi. Nikiiomba na akikataa, atakuwa ameshajua nia yangu. Mume wangu anasema niombe. Mama yangu anasema niache tu nipumzike.

#30 Tumbiri_Mpole
Omba. Akikataa, barua ya pili si unayo tayari?

#31 Baba_Malezi
Mimi nasema subiri kwanza kadi ya mume itoke, uishike mkononi, ndipo umwone bosi.

#32 Mama_Pacha
Baba Malezi, kadi haitoki mpaka bima ya sasa ya Nuru iishe. Soma vizuri bandiko 29.

#33 Baba_Malezi
Kweli. Basi fomu zote ziwe zimejazwa na ziko kwenye mkoba wa mume, bado tarehe tu.

#34 Mgeni_Juzi
Samahani naingilia. Mimi sikuacha, mkataba wangu wa miaka miwili umeisha nikiwa na mimba ya miezi sita na hawakuuhuisha. Mume hana ajira. Haya ya dirisha la siku 30 na muda wa kungojea wa uzazi yananihusu vipi? Leo ni siku ya 11.

#35 Wakili_wa_Kona
Yanakuhusu sana. Taja nchi, au nitumie ujumbe wa faragha sasa hivi.